UZI: Zile paneli za sola za bluu zenye mabaka – silikoni yake inagandishwaje, na nani aliiondoa sokoni?

#1 Fundi_Tanuri (mwenye uzi)

Wakuu, salaam.

Kila baada ya siku chache humu anatokea mtu anauliza anunue paneli ya aina gani, "poli au mono?" na anajibiwa kwa mstari mmoja: "Poli ni silikoni chafu, kachukue mono." Nimenyamaza mpaka nimechoka. Miaka sita nilikuwa kwenye kiwanda cha kugandisha silikoni, zamu za usiku nyingi kuliko za mchana, na hilo neno "chafu" linaniuma. Nitaandika kwa mafungu kadiri nitakavyopata nafasi. Mwenye kujua zaidi anisahihishe, sinuni.

Tuanze na majina, maana vurugu imeanzia hapo. Silikoni hutokana na kwatsi, lile jiwe jeupe ambalo ni silikoni iliyoshikana na oksijeni. Jiwe linatiwa kwenye tanuri la umeme pamoja na makaa na vipande vya mbao, joto linapanda kupita nyuzi 1,900, kaboni inainyang'anya silikoni oksijeni yake na kutoka nayo kama gesi. Kinachobaki chini ni silikoni yenye usafi wa asilimia 98 au 99. Hiyo inafaa kuchanganywa na alumini. Kwa seli ya jua haifai hata kidogo. Kuna metali ambazo sehemu moja tu kwa milioni inatosha kuiua seli.

Kwa hiyo inageuzwa mvuke. Inakutanishwa na gesi ya hidrojeni kloridi, inakuwa triklorosilani, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi 32 hivi. Kwa kuwa kinachemka kirahisi, kinakenekwa kwenye minara mirefu, tena na tena, mpaka uchafu unaachwa nyuma. Kisha mvuke safi na hidrojeni vinaingizwa kwenye chombo kikubwa chenye umbo la kengele ambamo fito nyembamba za silikoni zenye umbo la U zimepashwa kwa umeme hadi nyuzi 1,100 hivi. Silikoni inajipaka kwenye fito kidogo kidogo, siku kadhaa, mpaka ufito unanenepa kama paja la mtu. Unavunjwa mapande. Mapande hayo ndiyo polisilikoni.

Sasa sikilizeni vizuri: mono na poli zote mbili zinaanzia kwenye mapande hayo hayo. Zinaachana pale yanapoyeyushwa. Mono inavutwa polepole kutoka kwenye kiowevu, inazungushwa, inatoka gogo moja la fuwele moja. Poli inaachwa igande ndani ya chungu, na fuwele nyingi zinaota kwa pamoja. Ndiyo maana watu wa kazi hiyo hawasemi poli, wanasema "multi", fuwele nyingi, ili isichanganywe na malighafi. Nami nitasema multi kuanzia hapa.

Fungu la pili kesho.

#2 Kiti_cha_Mbele

Nimekaa. Nina paneli nne za bluu juu ya bati mwaka wa kumi huu, nataka nijue nimebeba nini kichwani.

#3 Mbishi_Halisi

Mkuu usituzungushe. Mimi niliambiwa na mtu anayezijua hizi kazi kwamba poli inatengenezwa kwa makombo ya mono. Yale magogo yakishakatwa vichwa na mikia, makombo yanakusanywa yanayeyushwa, ndiyo hizo bluu zenu. Kama ni uongo sema ni uongo, tusipambiwe maneno.

#4 Fundi_Tanuri

Mbishi, aliyekuambia hakudanganya. Alikuambia habari ya zamani.

Multi kama biashara ilianza katikati ya miaka ya 1970, mafuta ya petroli yalipopanda bei na watu wakaanza kutafuta umeme wa jua wa bei nafuu. Watu wa kampuni ya Wacker kule Ujerumani walikuwa wanamimina silikoni kwenye kalibu za mraba, na Solarex kule Marekani nao walikuwa na mbinu yao. Miaka hiyo sekta ya sola ilikuwa ndogo mno, haikuwa na malighafi yake. Ilikula mabaki ya viwanda vya elektroniki: vichwa na mikia ya magogo, mapande yaliyokataliwa kwa kutofikia kiwango cha kutengenezea chipu. Mabaki hayo, kwa viwango vya sola, yalikuwa safi kupindukia.

Katikati ya miaka ya 2000 sola ikawa inakula polisilikoni nyingi kuliko elektroniki, makombo hayakutosha tena, ukaja uhaba mkubwa uliodumu hadi 2008. Hapo viwanda vikajengwa kwa ajili ya sola peke yake. Mimi niliingia kazini baada ya hapo. Tulijaza mapande mapya, na tulichoongeza cha zamani ni mabaki yetu wenyewe, zile kingo za mkuo (bonge zima la silikoni lililoganda chunguni) tulizozikata, zikaoshwa kwa asidi zikarudi chunguni.

#5 Fundi_Tanuri

FUNGU LA PILI: CHUNGU

Chungu chetu kilikuwa cha mraba, ubavu wake karibu mita moja, cheupe kama chaki. Ni silika, yaani kwatsi iliyoyeyushwa na kufinyangwa. Ukikigonga kwa kucha kinalia kama kigae. Hicho ndicho kinabeba kilo 450 za silikoni kwenye matanuri ya kizazi cha tano, na takriban kilo 800 kwenye ya kizazi cha sita. Kinatumika mara moja tu. Kikishapoa kinapasuka chenyewe, unakibandua vipande vipande, unatupa.

Kabla ya kujaza kinapakwa ndani unga wa nitridi ya silikoni uliochanganywa na maji, kwa kupuliza, kisha kinachomwa. Kazi ya unga huo ni moja: silikoni isigande na chungu. Silikoni ikishikana na silika, wakati wa kupoa kila mmoja anasinyaa kwa kipimo chake, na mkuo unapasuka. Nimeona mkuo mzima, kazi ya siku tatu, umechanika kuanzia kona kwa sababu sehemu ndogo kama kiganja ilipakwa nyembamba. Mpakaji mzuri wa chungu alikuwa anaheshimiwa kuliko injinia.

Kujaza nako ni sanaa. Mapande yana ncha, yanakwaruza upako. Unaweka yale ya bapa pembeni na chini, kwa mkono, glavu mbili mbili, halafu makubwa katikati, halafu madogo kuziba nafasi. Jasho likidondoka humo umeingiza sodiamu kwenye silikoni ya watu.

Kisha tanuri linafungwa, hewa inanyonywa, inaingizwa gesi ya argoni. Silikoni inayeyuka kwenye nyuzi 1,414.

Na hapa ndipo utamu ulipo. Silikoni ni kama maji: ikiganda inatanuka, takriban asilimia 10 ya ujazo. Kila mtu ameona chupa ya maji iliyopasukia kwenye friza. Sasa piga picha ya chupa yenye kilo 800 za kitu cha nyuzi 1,400. Ikianza kuganda juu, utando mgumu unafunga kiowevu chini, kiowevu kikiganda kinatafuta pa kutanukia, kinapasua chungu. Kwa hiyo lazima igande kuanzia chini kwenda juu, na uso wa juu uwe wa mwisho kabisa.

Inafanyikaje? Kwenye matanuri yetu chungu hakiguswi. Kimezungukwa na boksi la kuzuia joto lililotengenezwa kwa grafiti yenye nyuzinyuzi. Boksi linainuliwa polepole, sentimita kwa sentimita, joto linatorokea chini, na kitako cha chungu kinaanza kupoa huku juu bado kunawaka. Mpaka kati ya kigumu na kiowevu unapanda sentimita moja, moja na nusu kwa saa. Mkuo wa kimo cha sentimita 30 unakula siku nzima kwa kuganda tu. Ukijumlisha kuyeyusha, kutuliza joto na kupoza, tanuri linafunguliwa siku ya tatu.

#6 Kiti_cha_Mbele

Kwa nini taratibu hivyo? Si wangeharakisha wapate mikuo mingi kwa wiki?

#7 Fundi_Tanuri

Kwa sababu kuganda kwenyewe ndiko kunakosafisha. Hapo ndipo jibu langu kwa neno "chafu" lilipo.

Maji ya bahari yakiganda, chumvi nyingi inasukumwa nje, barafu inatoka karibu tamu. Silikoni inafanya vivyo hivyo. Atomu zake zinapojipanga kwenye fuwele hazipendi mgeni. Kila mgeni ana kipimo cha jinsi anavyokataliwa, yaani kiasi kinachoingia kwenye kigumu ukilinganisha na kilichoko kwenye kiowevu. Kwa chuma, kipimo hicho ni 0.000008. Kwamba kiowevu kikiwa na sehemu laki moja na ushee za chuma, kigumu kinaingiza moja. Alumini ni 0.002. Shaba 0.0004. Wote hao wanasukumwa juu, juu, juu, mpaka wanarundikana kwenye tabaka la mwisho, nasi tunalikata tabaka hilo na kulitupa.

Ukiharakisha, mpaka wa kuganda unayumba, uchafu unanaswa kabla haujapata nafasi ya kukimbia. Basi.

Mono nayo inasafishwa hivyo hivyo inapovutwa. Kanuni ni moja.

#8 Mbishi_Halisi

Hapo nimekupata. Kama kuganda kunasafisha kiasi hicho, kwa nini msichukue ile silikoni ya asilimia 99 ya tanuri la kwanza, mkaigandisha mara mbili tatu, mkaachana na hizo gesi na minara? Au hiyo biashara ya minara ina wenyewe?

#9 Bi_Maabara

Mwenye uzi naomba nijibu hili, niko upande wa vipimo.

Kaka Mbishi, swali lako limewasumbua watu wazito. Kikwazo ni wageni wawili wasiokataliwa: boroni, kipimo chake 0.8, na fosforasi, 0.35. Boroni karibu yote inaingia kwenye fuwele kana kwamba ni ya nyumbani. Gandisha mara kumi, bado ipo. Na hao wawili ndio hasa wanaoamua tabia ya umeme ya silikoni. Boroni inaifanya chanya, fosforasi hasi. Ukiwa nao wengi usiowapanga, huna seli.

Njia zimejaribiwa. Kuna utafiti wa Japani ulioondoa fosforasi kwa mwale wa elektroni ndani ya ombwe, kwa kuwa fosforasi huvukizwa kirahisi, na boroni kwa kuipuliza plazima (gesi ya moto kupindukia) yenye mvuke wa maji. Watu wa kampuni ya Elkem kule Norway walikwenda njia nyingine: waliyeyusha silikoni pamoja na taka mawe inayonyonya boroni, wakaiosha kwa asidi, halafu wakaigandisha. Silikoni yao ilifanya kazi na seli zilitengenezwa. Lakini bei ya polisilikoni ya minara iliposhuka baada ya ule uhaba, faida ya njia ya mkato ikayeyuka.

#10 Mbishi_Halisi

Sawa dada. Hilo nimelimeza.

Bado nina lingine. Fundi anasema chuma chote kinakimbilia juu. Mbona nimesikia mnakata na chini, na pembeni pande zote nne? Chini kuna nini kama kulisafishwa kwanza?

#11 Bi_Maabara

Swali zuri kuliko ulivyokusudia.

Chungu chenyewe kina chuma. Upako nao una chuma. Kitako cha mkuo ndicho kinachoganda kwanza, kwa hiyo ndicho kinachokaa muda mrefu zaidi kikiwa kigumu, cha moto, na kimegusana na chungu. Chuma kwenye silikoni ya moto kinatembea haraka sana, kinapenya katikati ya atomu kama mtu mwembamba kwenye umati. Kinaingia kutoka chini na kutoka pembeni. Na lile rundo la juu, baada ya kuganda, nalo linaanza kurudi chini.

Mezani kwangu, tofali (kipande cha mkuo uliokatwa) likichanganuliwa, mashine inachora ramani ya muda ambao elektroni iliyoamshwa na mwanga inaishi kabla ya kuzimika. Pazuri panachorwa bluu au kijani, pabaya pekundu. Kila tofali la pembeni lilikuwa na ukanda mwekundu kama pindo la kanga upande uliogusana na chungu. Tuliuita hivyo hivyo, "pindo jekundu". Sehemu hiyo inakatwa, na ukijumlisha juu, chini na pembeni, karibu theluthi moja ya mkuo hairuhusiwi kuendelea.

Tena kuna ujanja mmoja ninaoupenda wa kujua kama ni chuma au ni mwingine. Chuma kwenye silikoni yenye boroni hujifunga na boroni, wawili wawili. Ukimulika taa kali, ndoa inavunjika, chuma kinabaki peke yake na tabia yake inabadilika. Unapima kabla ya taa, unapima baada ya taa, tofauti inakuambia chuma ni kiasi gani. Ukiacha gizani wanarudiana.

#12 Kiti_cha_Mbele

Chuma kinaoa na kuachika 😂 Endeleeni.

#13 Mhudumu_wa_Zamu

Na mimi nilikuwa kwenye matanuri. Fundi, hujawasimulia kuhusu kuvuja.

#14 Fundi_Tanuri

Nilikuwa nalikwepa hilo, lakini umelichokoza.

Zamu ya usiku, saa nane kasoro. Silikoni ilikuwa imeyeyuka yote, tumeanza kuinua boksi. Chini ya chungu huwa kuna waya wa kugundua uvujaji; kiowevu kikiugusa unakatika, kengele inalia. Ikalia. Nguvu ya umeme ikajikata yenyewe, sisi tukatoka, hakuna aliyegeuka nyuma.

Hofu haikuwa moto. Ganda la tanuri ni chuma cha tabaka mbili na katikati yake yanapita maji ya kupozea. Silikoni ya nyuzi 1,400 ikitoboa mpaka kwenye maji, maji yanageuka mvuke papo hapo ndani ya chombo kilichofungwa. Tulikaa nje tunasubiri kishindo. Hakikuja. Kiowevu kilienea kwenye sakafu ya tanuri, kikala grafiti, kikaganda kabla ya kufika.

Tulipofungua baada ya siku kadhaa, tulikuta chungu kina ufa wa urefu wa kidole kwenye kona. Picha za kamera zikaonyesha kwamba wakati wa kupakia, uma wa forklifti uliigusa ile kona. Kidogo tu, huwezi hata kuona alama. Kuibandua ile silikoni kwenye sakafu ilituchukua siku mbili kwa nyundo za umeme. Aliyekuwa anaendesha forklifti aliomba kuhamia ghala, na hakuna aliyemlaumu.

#15 Fundi_Tanuri

FUNGU LA TATU: PUNJE

Turudi. Mkuo ukitoka, unakatwa matofali, 25 kwa kizazi cha tano, 36 kwa cha sita. Ukiangalia ubavu wa tofali unaona punje zimesimama wima kama mabua, zimeota kufuata mpaka wa kuganda. Kila punje ni fuwele moja, imeelekea kwake. Zinapokutana kuna mpaka, na mpaka huo ndio adui mkubwa wa multi: atomu hazikai sawa hapo, elektroni ikifika inanaswa. Ndiyo maana punje zikiwa kubwa seli inakuwa bora.

#16 Bi_Maabara

Fundi, hapo nakusahihisha, na uliahidi hutanuna.

Hivyo ndivyo tulivyofundishwa wote, na kwa miaka zaidi ya 30 watu wamehangaika kukuza punje. Wajapani wa Chuo Kikuu cha Tohoku walifika mbali sana kwa hilo. Lakini adui mkubwa hakuwa mpaka. Mipaka mingi ni ya pacha, pande zake mbili zinatazamana kama kwenye kioo, na umeme hauumii hapo. Adui mkubwa ni dislokesheni: safu ya atomu iliyoishia katikati ya fuwele bila kufika ng'ambo. Moja haina neno. Lakini joto lisilo sawa linaposukuma fuwele, zinazaana, zinakuwa vishada, na kishada kikishaanza chini kinapanda mpaka juu pamoja na punje. Chuma kinapenda kujibanza humo. Kwenye ramani yangu kishada kilionekana kama wingu jekundu linalopanuka kadiri unavyopanda.

Sasa punje kubwa ni uwanja mpana, kishada kinajitanua kinavyotaka. Punje ndogo zenye mipaka ya ovyo ovyo zinafanya kazi ya ukuta: kishada kinafika mpakani kinakwama.

Karibu mwaka 2011 watu wa Taiwani, akiwemo Profesa C. W. Lan, wakageuza mambo. Badala ya kutafuta punje kubwa, wakatandika chini ya chungu vipande vidogo vya silikoni kama mbegu, wakayeyusha yote isipokuwa tabaka la mwisho, wakaanza kugandisha kutoka hapo. Punje zikatoka ndogo, zinazolingana. Kwa jicho la zamani ni mkuo mbaya. Seli zikawa bora kuliko zote za kabla yake. Ikaitwa multi ya ufanisi wa juu, na ndani ya miaka michache kila kiwanda kilikuwa kinaifuata.

#17 Fundi_Tanuri

Sinuni. Tena umenikumbusha, tulipobadili kwenda kwenye mbegu, tuliambiwa "punje ndogo ndiyo nzuri" na wazee wa zamu wakacheka wazi wazi.

Kazi iliyoongezeka ilikuwa ya kujua lini usimamishe kuyeyusha. Ukichelewa, mbegu zote zinayeyuka, umerudi kwenye multi ya kawaida. Ukiwahi, umepoteza silikoni nyingi chini isiyofaa. Tulikuwa na ufito wa kwatsi unaoshushwa kupitia tundu la juu mpaka uguse kigumu kule chini. Unasikia kwa mkono: laini, laini, halafu gumu. Unasoma kimo. Kila nusu saa, saa tano sita mfululizo. Kompyuta ziko kila mahali, na bado uamuzi ulitegemea mkono wa mtu anayepapasa sakafu ya chungu kama kipofu.

#18 Mbishi_Halisi

Nakubali, si chafu. Lakini soko haliongopi. Leo ukitafuta paneli mpya ni mono tupu. Kama multi ilikuwa nzuri hivyo, nani aliiua?

#19 Bi_Maabara

Waya.

Nasema hivyo kwa makusudi, Fundi atakuja na sababu zake, ila kwangu mimi ni waya.

Tofali linakatwa wafa, yaani vipande vyembamba vya kutengenezea seli, kwa waya mmoja mwembamba, unene wake mikroni 120 hivi (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) kwa zile za zamani. Una urefu wa mamia ya kilomita, umezungushwa kwenye magurudumu mara maelfu, unakata wafa zote kwa mpigo. Zamani waya ulikuwa mtupu, unabeba tope la unga wa silikoni kabidi. Wafa ilikuwa mikroni 180, na kilichopotea kama vumbi la msumeno kilikuwa karibu sawa na wafa yenyewe. Fikiria: silikoni uliyoisafisha minarani na kuigandisha siku tatu, karibu nusu inaondoka kama tope.

Ukaja waya wenye chembe za almasi. Unakata haraka, hauhitaji tope, na kadiri miaka ilivyokwenda umekuwa mwembamba mno. Mono ikauchukua mara moja. Multi ikashindwa, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni mawe. Grafiti ya tanuri inatoa kaboni, kaboni inaingia kwenye kiowevu, inarundikana juu, na kutengeneza vijiwe vya silikoni kabidi, vigumu karibu kama almasi. Waya ukivigusa unakatika, na ukikatika katikati ya kazi umepoteza mzigo mzima.

Ya pili ndiyo iliyouma. Seli haiwi na uso laini, inachakazwa kwa kemikali ili mwanga usidunde. Mono inatiwa kwenye alkali, inaota piramidi ndogo ndogo, kwa kuwa fuwele yote imeelekea upande mmoja. Multi kila punje imeelekea kwake, piramidi zinakataa, hivyo ilitumia asidi. Asidi nayo ilikuwa inaanzia kwenye makovu yaliyoachwa na waya wa tope. Waya wa almasi uliacha uso unaong'aa, asidi haikupata pa kushika. Wafa ikatoka rahisi kukata, lakini inarudisha mwanga kama sahani.

Dawa ilipatikana, silikoni nyeusi: unatumia chembe za fedha kuchimba vishimo vidogo mno. Ilifanya kazi. Lakini ilikuwa hatua ya ziada na gharama ya ziada, na mwenzake alikuwa ameshatangulia.

#20 Fundi_Tanuri

Sipingi, naongeza mawili.

Moja: wavutaji wa mono hawakulala. Zamani walikuwa wanavuta gogo moja, wanazima, wanatupa chungu, wanaanza upya. Wakajifunza kujazia chungu kile kile huku kikiwaka na kuvuta gogo baada ya gogo. Sisi bado tulikuwa na chungu kimoja, mkuo mmoja.

La pili ni seli yenyewe. Zilikuja seli ambazo mgongo wake umefunikwa vizuri, elektroni haipotei nyuma. Ukishaziba tundu la mgongoni, kinachobaki kuamua ni ubora wa silikoni ya katikati. Hapo fuwele moja inafaidika kuliko fuwele nyingi. Pengo lililokuwa dogo likapanuka. Katikati ya miaka ya 2010 multi ilikuwa zaidi ya nusu ya soko la dunia. Haikupita miaka kumi ikawa karibu haipo.

Na haikufa ikiwa dhaifu. Mwaka 2017 taasisi ya utafiti ya Fraunhofer ISE kule Ujerumani walipata ufanisi wa asilimia 22.3, yaani sehemu ya mwanga inayogeuka umeme, kwenye seli ya multi maabara. Kiwanda chetu kilifungwa muda mfupi baada ya hapo. Matanuri yaliuzwa kwa uzito wa chuma.

#21 Mhudumu_wa_Zamu

Lile la namba saba nilipiga nalo picha kabla hawajalikata.

#22 Kiti_cha_Mbele

Poleni wakubwa.

Nina maswali mawili mepesi. Kuna wanaosema multi inavumilia joto kuliko mono, ni kweli? Na zangu za miaka kumi nizing'oe?

#23 Bi_Maabara

La joto si kweli. Seli yenye volti kubwa ndiyo inayopoteza kidogo joto likipanda, na multi haina volti kubwa. Kwa za umri mmoja hutaona tofauti ya maana.

Kung'oa kwa nini? Pima. Kama zinatoa, ziache.

#24 Fundi_Tanuri

Kiti, kabla hujafikiria kung'oa, fanya jambo moja. Panda asubuhi jua likiwa la upande, utazame yale mabaka. Kila baka ni punje. Wafa mbili zilizofuatana kwenye tofali zimeachana chini ya nusu milimita, kwa hiyo ramani zao ni karibu moja. Mara nyingi jirani hao huingia kwenye paneli moja, ila mmoja anaweza kuwa amegeuzwa. Tafuta baka lenye umbo usiloweza kulisahau, halafu angalia kama lina ndugu.

#25 Kiti_cha_Mbele

Nimeshuka sasa hivi. Paneli ya pili, mstari wa tatu, kuna baka kama kichwa cha mbuzi mwenye pembe moja. Nikahesabu seli mbili kulia, nikalikuta tena, limesimama kichwa chini. Pembe ni ile ile, fupi kidogo tu.

#26 Fundi_Tanuri

Fupi kwa sababu ulihama tabaka. Punje ilikuwa inabanwa na jirani yake kadiri ilivyopanda. Tazama na seli ya tano kwenye mstari huo, nadhani pembe itakuwa imekwisha.

#27 Kiti_cha_Mbele

Imekwisha.